Figa la Bibi na Sampuli Namba Saba

Kila ninapopata bando la kutosha, kabla sijaangalia matokeo ya mpira, huwa nafungua kwanza ukurasa wa dada yangu. Si ukurasa wa picha. Ni ule wa wanasayansi, ambako kila kitu alichowahi kuandika kimepangwa mstari kwa mstari, na pembeni ya kila mstari kuna namba inayoonyesha makala hiyo imetajwa mara ngapi katika maandishi ya wenzake. Nimepanga chumba Msasani ya hapa Tukuyu, si ile ya Dar, mwaka wa tatu sasa, na ninaweza kuzisoma namba zile kichwani hata bando likiisha. Nyingi ni ndogo kama umri wa watoto wa chekechea. Kuna makala moja juu ya mawingu ya Zuhura iliyotajwa mara mbili, na mara zote mbili aliyeitaja ni yeye mwenyewe.

Katikati ya orodha hiyo kuna mstari mmoja umesimama kama mgomba katikati ya maharage. Ndiyo makala ya sampuli namba saba. Ukizijumlisha zote nyingine haziifikii hata kiunoni. Kwa makala hiyo moja dada amealikwa kwenye nchi ambazo mimi, mtu wa kuzunguka, sijui hata basi la kwenda huko lingepandiwa wapi.

Kwa miaka kumi na tano nilikuwa mtu pekee duniani niliyejua kwamba sampuli namba saba ilitoka jikoni kwa bibi yetu, kijijini Suma.

Ninamwita dada kwa sababu ni mtoto wa baba mkubwa, na kwetu huyo ni dada, hakuna maelezo zaidi. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukasoma sekondari moja hapa Tukuyu, na kwenye mitihani ya hesabu macho yangu yalikuwa yanakaa kwenye karatasi yake. Baada ya kidato cha nne yeye aliendelea kupanda, mimi nikaanza kuzunguka. Nimeuza mitumba Tunduma, nimepakia mbao Makambako, nimekaa Mtwara kwenye korosho. Kila nilikokwenda niliota mvua ya kwetu, na kila niliporudi kwenye mvua ya kwetu, wiki ya tatu nyayo zilianza kuwasha.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tunduma dada alipokuja kukusanya mawe. Alikuwa anasomea udaktari, ule usiotibu mtu. Bibi alitaka kujua amejifunza nini miaka yote hiyo. Dada akamweleza kwamba kwenye sayari ya Mirihi, inayoonekana kwetu kama nyota nyekundu, kuna milima iliyotapika moto zamani. Kwa kuwa hakuna mtu wa kuifikia, yeye anasoma mawe ya mlima Rungwe, ambao nao ulitapika moto, ili ayaelewe yale ya huko kwa kufananisha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi.

"Yaani unataka kumjua mtu wa mbali kwa kumchungulia jirani yake," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Basi utapata umbea, mke mwenzangu."

Hivyo ndivyo bibi anavyotuita. Dada ni mke mwenzake, mimi ni mume wake, na kwa utani huo ametutesa tangu tukiwa watoto.

Siku ya kwanza kabisa, hata kabla ya kuufikia msitu, dada aliteleza kwenye udongo akatengua kifundo cha mguu. Kesho yake alitakiwa kuondoka. Akanikabidhi ramani yenye vituo kumi na viwili, mifuko kumi na miwili iliyoandikwa namba, nyundo, na kifaa cha kusoma mahali kwa setilaiti. Kamera alininyima kwa sababu ya mvua. Masharti yalikuwa mafupi: jiwe la ukubwa wa ngumi mbili, livunjwe kwenye mwamba wenyewe, lisiokotwe chini. Nilimwambia asihofu, mlima ule nimeupanda sana nikichunga ng'ombe. Ng'ombe wa bibi hawajawahi kutoka zizini maisha yao yote, majani huletewa, lakini dada alikuwa na maumivu na hakuwa na nguvu ya kubishana.

Nilifanya kazi nzuri, naomba hilo lieleweke. Nilivunja mawe kumi na mawili mahali panapotakiwa. Wakati wa kushuka kijito kilikuwa kimejaa, mzigo ulikuwa mgongoni, na mfuko namba saba nilikuwa nimeushika mkononi kwa sababu ndio uliokuwa na jiwe kubwa. Nikateleza. Ilibidi nichague kati ya jiwe na shina la mti, nikachagua shina. Jiwe likatangulia kwenda Ziwa Nyasa, mkononi ukabaki mfuko mtupu.

Kurudi juu yalikuwa masaa mawili. Nikatafakari kidogo kwenye mvua ile, nikaona jiwe ni jiwe.

Nilipofika Suma jioni, dada alikuwa amelala nyumba kubwa, mguu umefungwa kitambaa cha maji ya chumvi. Bibi alikuwa mazoezini na kwaya ya akina mama. Uani mawe yote yalikuwa ya mviringo ya mtoni, yamejaa tope, hata mimi niliona hayafanani na yale kumi na moja. Jikoni kulikuwa na mafiga matatu, yamepoa, makavu. Na hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kuliko ilivyowahi kufanya sekondari. Mafiga yale babu aliyashusha mwenyewe kutoka mlima Rungwe, mwaka aliomwoa bibi. Kwa hiyo lilikuwa jiwe la mlima ule ule. Nililiona hilo kuwa karibu sana na ukweli.

Nikachagua figa la kushoto, ambalo bibi alikuwa analitumia kunolea kisu, nikalipiga nyundo. Likapasuka nusu kwa nusu. Nusu moja niliisugua masizi kwa gunzi na majivu mpaka ikatoka rangi nyekundu nzuri, nikaiweka mfuko namba saba. Nusu iliyobaki jikoni ilikuwa fupi, nikaiongezea kipande cha tofali chini yake. Asubuhi dada akaondoka na mifuko kumi na miwili.

Mchana chungu kikainama, maharage yakazima moto.

Bibi alichunguza mafiga yake, akaona kilichotokea, na akatoa hukumu kabla majivu hayajakauka. Mwizi ni jirani. Jirani huyo alikuwa rafiki yake wa tangu wakiwa maharusi, wakiimba kwaya pamoja, bibi sauti ya kwanza, yeye ya pili. Ushahidi ulikuwa kwamba mara nyingi amelisifia figa lile kuwa halitikisiki, na kwamba wiki ile alikuwa anajenga jiko jipya. Kwa nini mtu aibe nusu ya figa, bibi hakuona kuwa ni swali la maana. Aliichukua nusu iliyobaki akaiweka kando ya mlango wa jiko, ikae pale kama kielelezo mpaka siku ya hukumu, ya hapa au ya mbinguni.

Ningeweza kusema siku hiyo hiyo. Badala yake nyayo ziliwasha mapema kuliko kawaida, nikaenda Mtwara.

Huko ndiko dada alikonipigia simu, baada ya mwaka mmoja hivi, anaongea haraka kama mtu aliyeokota kitu. Mawe kumi na moja, alisema, yako kama wanafunzi wa bweni, yote yamenyoa, yote yamechomekea. Lakini namba saba! Upande mmoja ulikuwa umepashwa moto na kupoa, ukapashwa tena na kupoa, mara nyingi mno. Chuma ndani yake kimegeuka chekundu kama udongo wa Mirihi. Na juu yake kuna mistari iliyonyooka, sambamba, ambayo yeye na mwalimu wake walikuwa wanaamini imechorwa na kitu kilichotiririka.

Niliijua mistari ile. Ilichorwa na kisu cha bibi.

"Dada," nikasema, "labda kuna mtu alilichoma."

Akacheka. Akaniuliza nani apike kule juu. Kwa kuwa simu ilikuwa yake na salio lilikuwa linaisha, nikaona nisimharibie.

Makala ikatoka. Mwishoni, mahali pa shukrani, alinitaja kama msaidizi aliyekusanya sampuli kumi na mbili kwa uaminifu. Nilisoma mstari huo nikiwa juu ya gunia la korosho, na sijawahi kuona gunia gumu namna ile.

Kuanzia hapo namba ikawa inapanda. Wengine walimtaja kumsifu, wengine kwa sababu aliyewatangulia alikuwa amemtaja, kama watu wanaoingia msibani kwa kufuata foleni bila kujua aliyefariki ni nani. Na kulikuwa na mzee mmoja, profesa wa nchi za baridi, ambaye alimtaja kuliko wote kwa ajili ya kumpinga. Kila makala yake ilianza kwa kusema jiwe lile lina kasoro, kwamba linaonekana kama limetoka tanuruni. Dada alimchukia. Mimi nilikuwa nampenda kimyakimya. Sote wawili tulikuwa upande mmoja, ila yeye hakujua kama ana mwenzake.

Likizo moja bibi alitaka aelezwe faida ya kutajwatajwa huko. Dada akamwambia kwamba msomi hupimwa kwa hilo, na anayepinga naye huhesabiwa.

"Hata anayekusema vibaya?"

"Hata huyo, bibi. Namba haiulizi."

"Basi jirani yangu ni profesa," bibi akasema. "Mimi namtaja kila siku."

Na kweli alikuwa anamtaja. Hakuna aliyepita uani kwa bibi bila kuonyeshwa nusu ya figa kando ya mlango na kusimuliwa. Dada naye alionyeshwa, ila nusu ile ilikuwa nyeusi kwa masizi na hakuiangalia mara mbili. Wanasayansi wote wa dunia kwa pamoja hawakuwahi kulizungumza jiwe lile mara nyingi kama bibi alivyolizungumza.

Mwaka jana mambo yakaiva. Dada, ambaye ni mhadhiri mwandamizi muda mrefu, aliomba kupandishwa cheo. Kamati ingeangalia ameandika nini na kimetajwa mara ngapi, na sote tulijua ni mstari gani ungembeba. Wakati huo huo kundi la wasomi wa ng'ambo likamwandikia kwamba lingependa kuja kupanda mlima mpaka kituo namba saba, likavunje mengine ya aina ile. Dada aliwahi kwenda mwenyewe mara moja akakuta mwamba wa kawaida, akaamua kwamba kijito kimebomoa sehemu yenyewe. Sasa alitaka tupande wote wawili kabla ya wageni, nimwonyeshe hasa nilipogonga nyundo.

Nilipanga kumwambia njiani. Nilikuwa nimechagua hata mahali, palipo na gogo la kukalia, mbali kidogo na mawe mepesi ya kurusha. Kwa siku tatu nilijisemea maneno yale chumbani kwangu kama mtu anayejifunza ubeti wa kwaya.

Lakini dada alipitia kwanza kwa bibi. Nilikuta ameshapiga magoti na kusalimia, na ametoa kwenye mkoba kifurushi kilichofungwa kitambaa laini. Bibi ana miaka mingi sasa, macho yake yamebaki ya kutofautisha mchana na mtu. Dada alitaka tu ashike, alisema, ajue mjukuu wake anaishi kwa kitu gani. Akafungua kitambaa akamwekea bibi jiwe mapajani.

Maabara walikuwa wamekata kipande chembamba pembeni, kama mtu anayekata mkate wa mgeni, na juu wameandika saba kwa rangi nyeupe. Bibi alilipapasa. Akapitisha kidole gumba kwenye ile mistari, mara moja, mara mbili. Kisha akalilamba.

Nilijua yamekwisha.

"Mume wangu," akaniita kwa upole sana. "Niletee lile la mlangoni."

Sijawahi kubeba kitu kizito vile, na nimepakia mbao. Nikaliweka mbele yake. Bibi akayashika mawe yote mawili, akayazungusha polepole kama mtu anayetafuta mfuniko wa chungu, yakakutana. Yalikutana vizuri mno. Hata mistari ya kisu ilivuka kutoka jiwe moja kwenda jingine bila kukatika.

Dada alitazama mawe, akanitazama mimi. "Kaka, ulilitoa wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Mlango wa jiko ulikuwa hatua nne.

Nilieleza yote: kijito, shina la mti, gunzi, tofali. Hakunikatiza. Ningefurahi kama angenitukana. Alikaa tu ameshika kile kitambaa laini, anakikunja, anakikunjua. Sikuweza kuendelea kukitazama kitambaa kile, nikasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naangalia pembeni. Nikasema kwamba tunaojua ni watatu tu. Kamati inakaa mwezi ujao. Wageni naweza kuwapeleka kituo kingine, mvua ikawafukuze. Tukinyamaza, namba haiulizi.

Niliona kabisa kwamba dada alikuwa anapima. Miaka kumi na tano ya kazi yake ilikuwa pale mapajani kwa bibi.

Aliyejibu ni bibi.

"Mimi nimemtaja yule mama kwa wizi miaka yote hii," akasema. "Suma nzima inaniamini. Hata mchungaji anaamini. Sasa ninyamaze kwa sababu naaminiwa?"

Akaniambia nikamwite jirani. Nilitaka kwanza kujiandaa. Akasema nimejiandaa vya kutosha.

Jirani alikuja na mkongojo wake akasimama mlangoni mwa ua, maana hakuwa ameingia mle tangu siku ya maharage. Bibi hakuzunguka. Akamwambia figa limepatikana, mwizi ni mimi mume wake, na mwanamke aliyesingiziwa ni yeye, na kwamba anaomba radhi. Yule mama aliyatazama mawe kwa muda, akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi.

"Miaka kumi na tano," akasema, "nimeimba sauti ya pili na mtu asiyejua kuimba ya kwanza."

"Ndaga fijo," bibi akamjibu, maana kwa Kinyakyusa shukrani ni fupi, na akasogea kwenye mkeka kumpisha akae. Mimi nilitumwa kukata mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko yote shambani, nikaubebe mpaka kwa jirani kwa miguu, barabara kuu, watu wakiniona.

Niliporudi nilimkuta dada uani anapiga simu. Nilidhani anapigia kamati. Alikuwa amempigia yule profesa wa nchi za baridi. Alimweleza kila kitu akiwa wima, amefumba macho. Simu alikuwa ameiweka spika. Halafu mzee akauliza swali moja: lilikuwa linapikiwa nini?

"Maharage," dada akasema.

Akauliza, kwa kuni za aina gani, na kwa miaka mingapi? Dada akafumbua macho, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaomba kalamu.

Sitaki kusema mambo yaliisha vizuri, kwa sababu hayajaisha. Dada aliandika masahihisho na kuyapeleka kwenye jarida lile lile, akaondoa ombi lake mbele ya kamati kabla halijasomwa. Wakamwambia arudi akiwa na kazi nyingine. Kwa miezi mitatu alizungumza nami kwa ujumbe tu, na ujumbe wenyewe ulikuwa wa kujibu salamu. Ule mstari mrefu kwenye ukurasa wake bado upo, na namba bado inapanda, ila sasa wanaomtaja wanaeleza namna ya kutokosea. Namba, kama alivyosema, haiulizi.

Lakini jiwe lilizua mzozo wa pili. Dada alitaka kurudi nalo maabara, nusu zote mbili, kwa sababu yeye na yule mzee walikuwa wameamua kuandika pamoja makala ya kueleza jiwe lililochomwa na mlima linatofautianaje na jiwe lililochomwa na mama. Bibi akakataa. Amepikia tofali miaka kumi na tano, alisema, na figa ni la kupikia. Mwishowe dada alikatiwa kipande kingine chembamba, na nusu mbili zilizobaki zikafungwa waya na kurudishwa mahali pake, upande wa kushoto. Ndiyo maana mzee wa nchi za baridi alipokuja mwenyewe kuiona sampuli namba saba, aliambiwa iko chini ya chungu.

Alisubiri. Maharage yalikuwa ya muda mrefu na kuni zilikuwa mbichi. Bibi na jirani walimpa kisu na ndizi amenye, wakawa wanamcheka kwa Kinyakyusa kwa jinsi alivyokuwa anakata ganda pamoja na nyama ya ndizi, naye akawa anaitikia "ndaga" kwa kila tusi. Moto ulipopoa alipiga magoti kwenye majivu na suruali yake safi akaangalia ile mistari ya kisu. Akasema neno kwa lugha yake. Dada alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, lakini hakutafsiri.

Makala yao imetoka mwezi uliopita. Mpaka juzi ilikuwa imetajwa mara moja. Bibi huniuliza kila Jumapili baada ya ibada kama kuna mwingine, na ninapomwambia hakuna huguna kama mtu ambaye wageni wamechelewa. Kamati itakaa tena mwakani.

Mimi bado niko Msasani. Nyayo ziliwasha mwezi wa tatu, nikazipaka mafuta. Makala hiyo nimeisoma yote kwa simu, ingawa sehemu kubwa ni hesabu, na macho yangu hayana tena karatasi ya kuchungulia. Mwishoni, mahali pa shukrani, wamemshukuru bibi mmoja wa Suma kwa miaka yake ya moto, na jirani yake kwa subira. Kisha kuna mstari wangu. Unamshukuru msaidizi aliyekusanya sampuli kumi na moja.